Mimea Chini ya Hadubini
Mnamo Desemba 1671, mbele ya Jamii ya Kifalme ya wanazuoni wa London, zilikutana kwa sadfa ya ajabu kazi mbili juu ya maumbile ya ndani ya mimea: kitabu cha tabibu Mwingereza, Nehemiah Grew, na muhtasari wa Marcello Malpighi uliopelekwa kutoka Bologna. Grew, aliyekata mashina kwa wembe, mara kwa kukingama, mara kwa urefu, kisha akayatazama kwa hadubini, aliona mirija na vijumba vilivyosukana, akavifananisha na kimia kilichofumwa kwa ustadi; na michoro yake ya mwaka 1682, imwonyeshayo msomaji pande zote za kipande cha mti kwa pamoja, kwangu ndiyo hidaya iliyo bora, kwani pasipo mkono huo mwaminifu ni wachache mno wangalisadiki yaliyoonwa na jicho la mtu mmoja.