Makaa ya kahawia na chuma: mtambo wa majaribio si kiwanda cha biashara

Na Mwandishi Wetu

KILA bei ya makaa ya mawe inapopanda katika soko la dunia, hujitokeza kampuni zinazotangaza kwamba zimepata njia ya kugeuza makaa duni kuwa makaa bora, au ya kupata chuma bila tanuru kubwa la kawaida. Wanunuzi wadogo wa hisa huvutiwa, kwa sababu hesabu inayoonyeshwa ni nyepesi: mali ghafi ni rahisi, bidhaa ni ghali, na teknolojia ina hataza. Miaka kadhaa baadaye wengi hubaki na karatasi tu.

Wenye hisa hukimbilia kudhani kwamba walitapeliwa. Mara nyingi sivyo. Kitaalamu mambo hayo huwezekana, na mitambo ya majaribio hufanya kazi kama ilivyoahidiwa. Kinachokwama ni biashara. Makala haya yanaeleza inakwama wapi, kwa kutumia mifano ya Australia, Indonesia, Marekani na India.

Makaa yaliyojaa maji

Makaa ya mawe ya kahawia, ambayo wataalamu huyaita lignaiti, ni makaa machanga. Hayajakandamizwa ardhini kwa muda wa kutosha kuyafanya meusi na makavu. Jimbo la Victoria nchini Australia linakadiriwa kuwa na takriban tani bilioni 430 za makaa hayo, na machimbo yake makubwa yako katika Bonde la Latrobe, mashariki ya jiji la Melbourne. Yako karibu na uso wa ardhi, matabaka yake ni manene, na majivu yake ni machache. Kuyachimba ni rahisi kuliko karibu makaa yoyote duniani.

Hata hivyo, makaa hayo hayauziki nje, kwa sababu takriban asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Lori la tani 30 likiyabeba, linabeba tani 18 za maji na tani 12 tu za makaa yenyewe. Hakuna mfanyabiashara anayekodi meli kusafirisha maji. Tena yakikaushwa ovyo hubaki na matundu mengi, huvuta hewa, hupata joto na huweza kuwaka yenyewe yakiwa yamerundikwa bandarini.

Ndiyo maana vituo vya umeme vya Victoria vilijengwa kando ya machimbo. Navyo hutoa hewa chafu nyingi kwa kila yuniti ya umeme, kwa kuwa sehemu ya joto huishia kuchemsha maji yaliyomo ndani ya makaa. Kituo cha Hazelwood kilifungwa Machi 2017, na cha Yallourn kimepangiwa kufungwa mwaka 2028. Mali ghafi bado ni tele, lakini mnunuzi wake mkubwa anaondoka.

Hesabu ya kukausha

Tuchukue tani moja ya makaa mabichi. Ndani yake mna kilo 600 za maji na kilo 400 za makaa makavu. Tukitaka bidhaa yenye unyevu wa asilimia 12, ambayo inaweza kushindana na makaa meusi, tutapata kilo 455 tu. Maana yake ni kwamba kila tani moja ya bidhaa inahitaji tani 2.2 za mali ghafi, na kwa kila tani mbichi zipo kilo 545 za maji za kuondoa.

Kugeuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji, hata pasipo upotevu wowote, takriban sehemu moja kwa nane ya nishati yote iliyomo katika makaa hayo. Katika kiwanda halisi huwa zaidi. Kwa hiyo anayekausha makaa kwa kuchoma makaa anakula mtaji wake. Siri ya biashara hii ni kupata joto la bure, au kuondoa maji bila kuyageuza mvuke.

Njia zilizojaribiwa ni nyingi. Kampuni ya Kobe Steel ya Japani ilisaga makaa, ikayachanganya na mafuta, ikayapasha moto ili maji yatoke, kisha ikayarudisha mafuta yatumike tena. Kampuni ya KFx ya Marekani, ambayo baadaye iliitwa Evergreen Energy, ilitumia joto kali na shinikizo.

Njia ya tatu, iitwayo Coldry, ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne wa miaka ya 1980. Watafiti waligundua kwamba makaa mabichi yakisagwa na kukandwa kama udongo wa mfinyanzi, matundu yake huvunjika na maji yaliyofungiwa ndani hutoka. Uji mzito unaopatikana husukumwa katika tundu kama tambi, ukakatwa vidonge, kisha vidonge hivyo hukaushwa kwa hewa ya vuguvugu. Joto linalohitajika ni dogo, hivyo linaweza kutoka katika maji ya kupozea mitambo ya umeme ambayo kwa kawaida hutupwa. Vidonge vikikauka huwa vigumu na havijiwashi kwa urahisi.

Njia hii iliendelezwa na kampuni ya Environmental Clean Technologies, iliyokusanya mtaji wake kupitia Soko la Hisa la Australia na kuendesha mtambo wa majaribio huko Bacchus Marsh, magharibi ya Melbourne.

Chuma bila koki

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na teknolojia ya pili, Matmor, ya kupata chuma.

Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kukipata chuma ni kuinyang'anya oksijeni hiyo. Katika tanuru kubwa la kawaida kazi hiyo hufanywa na koki, ambayo hupatikana kwa kuoka aina maalumu ya makaa meusi. Koki ni ghali, nchi zenye makaa ya kufaa ni chache, na tanuru lenyewe hufikia joto la kuyeyusha chuma, nyuzi 1,500 hivi. Tena halitaki vumbi: chenga za mawe ya chuma hubidi zichomwe kwanza zishikane.

Matmor ilikusudia kuyakwepa yote hayo. Chenga za mawe ya chuma huchanganywa na makaa ya kahawia, hufinyangwa vidonge, na kuingizwa katika tanuru la wima lenye joto lisilofika nyuzi 1,000. Makaa machanga yana haidrojeni na gesi nyingi, nazo husaidia kuvuta oksijeni kwenye joto la chini kuliko koki.

Mteja wa kufaa alionekana kuwa India. Nchi hiyo ina mawe ya chuma na lignaiti, ila haina makaa ya koki ya kutosha na huagiza mengi kutoka Australia hiyo hiyo. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitia saini makubaliano na mashirika mawili ya serikali ya India: NMDC, mchimbaji mkubwa wa mawe ya chuma, na NLC India, mchimbaji wa lignaiti wa Neyveli katika jimbo la Tamil Nadu. Mradi huo haukufika hatua ya kujengwa.

Sufuria ya wali wa harusi

Kwa nini mtambo mdogo hufanya kazi na mkubwa husumbua? Mpishi wa shughuli anajua jibu. Anayepika wali wa watu watano vizuri hawezi kuchukua sufuria ya watu mia tano na kuongeza moto tu. Wa chini utaungua na wa katikati utabaki mbichi.

Tanuru linalopashwa moto kupitia ukuta lina tabu hiyo hiyo. Ukizidisha vipimo vyake vyote mara mbili, ukuta huongezeka mara nne, lakini mzigo uliomo ndani huongezeka mara nane. Kila kipande cha ukuta sasa kinadaiwa joto maradufu. Vidonge vya chini navyo hulemewa na uzito wa vya juu, huvunjika, na vumbi lake huziba njia ya gesi. Hayo hutatuliwa kwa miaka ya kujenga, kubomoa na kujenga tena. Miaka hiyo inalipiwa na wenye hisa.

Bei ndiyo hakimu

Teknolojia ikivuka hapo hukutana na soko. Faida ya mkausha makaa ni tofauti kati ya bei mbili: gharama yake ya uzalishaji, ambayo haibadiliki sana, na bei ya makaa meusi, ambayo haitulii. Katika soko la Newcastle la Australia, tani moja ilizidi dola 180 za Marekani katikati ya mwaka 2008, ikashuka hadi karibu dola 50 mwanzoni mwa 2016, ikapita dola 400 mwaka 2022. Kiwanda huamuliwa bei ikiwa juu, hujengwa kwa miaka mitatu au minne, na kufunguliwa wakati wowote bei itakapokuwa imefika.

Kobe Steel ilifungua kiwanda chake cha mfano cha tani 1,000 kwa siku huko Satui, Kalimantan Kusini, Desemba 2008, miezi michache tu baada ya bei kuporomoka. Kiwanda kikubwa cha biashara hakikufuata. Evergreen Energy ilisimamisha kiwanda chake cha Wyoming mwaka huo huo wa 2008, na Januari 2012 ikaomba kufilisiwa.

Kwa upande wa chuma, Rio Tinto na wabia wake walijenga kiwanda cha HIsmelt huko Kwinana, Australia Magharibi, chenye uwezo wa tani 800,000 kwa mwaka. Kilisimama mwishoni mwa 2008 bei ya chuma ghafi ilipoanguka, na teknolojia yake ikaenda China. Kiwanda cha Mesabi Nugget cha Minnesota, kilichotumia njia ya Kobe Steel, kilianza mwaka 2010 na kusimamishwa 2015. Hao walikuwa matajiri wenye mifuko mirefu. Kampuni ndogo ina nafasi finyu zaidi.

Waliofaulu

Wapo waliofaulu, na inafaa kuangalia walifanya nini. Kituo cha umeme cha Coal Creek, North Dakota, kimekuwa kikikausha lignaiti yake tangu mwishoni mwa 2009 kwa joto linalopotea kituoni hapo hapo. Unyevu hushushwa kutoka asilimia 38 hadi chini ya 30 hivi, si hadi 12. Makaa hayo hayasafiri popote wala hayatafuti mnunuzi. Faida ni makaa machache zaidi yanayochomwa.

Huko Glenbrook, New Zealand, kiwanda cha chuma kimetumia kwa miongo mingi makaa yasiyofaa kwa koki pamoja na mchanga wa ufukweni wenye chuma na titani. Kina mchanga wake, soko lake la ndani, na kiliruhusiwa kukomaa polepole. Mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ilikubali kukichangia kipate tanuru la umeme la kuyeyushia vyuma chakavu, ili matumizi ya makaa yapungue.

Mfano huo unatuhusu. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, nacho kimechanganyika na titani na vanadi, na hakifai kutiwa katika tanuru la kawaida bila mipango maalumu. Mkataba wa Liganga na Mchuchuma kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini mwaka 2011, na muongo mzima ulipita bila tanuru kuwaka. Anayeuza nondo na mabati asipange bei zake kwa matumaini ya tangazo.

"Safi" kiasi gani?

Neno hili lipimwe. Makaa yaliyokaushwa hutoa hewa chafu pungufu kuliko makaa yale yale yakiwa mabichi, lakini kaboni yake bado ipo yote, na ikiwaka hugeuka kuwa kaboni dioksidi. Kwa chuma ni hivyo hivyo. Wakati huo huo, nchini Sweden kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall zilianza kutumia haidrojeni badala ya makaa, na mwaka 2021 chuma cha kwanza kilikabidhiwa kwa Volvo. Njia hiyo bado ni ghali, lakini Umoja wa Ulaya umeweka tozo ya kaboni kwa chuma kinachoingizwa kuanzia mwaka 2026. Tofauti ya gharama itapungua upande mmoja tu.

Maswali kabla ya kununua

Kampuni ya namna hii haina mauzo, hivyo huishi kwa kutoa hisa mpya. Mwenye hisa 10,000 kati ya milioni 10 ana sehemu moja kwa elfu. Zikitolewa nyingine milioni 10 naye asinunue, sehemu yake imekuwa nusu ya hiyo, hata kama utafiti umefanikiwa. Mwekezaji mdogo aulize haya:

Mtambo uliopo unazalisha tani ngapi kwa siku, na umewahi kuzalisha kwa miezi mingapi mfululizo?

Joto linatoka wapi, na kituo kinacholitoa kitafungwa lini?

Je, kuna mnunuzi aliyetia saini kwa kiasi na bei maalumu, au ni hati ya nia tu?

Bei ikishuka hadi ile ya 2016, hesabu bado inalipa?

Fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi kabla ya hisa mpya kutolewa?

Majibu yakiwa na tarakimu, msomaji anaweza kuingiza kiasi ambacho hatalala na njaa akikipoteza. Yakiwa ni picha za viongozi wakipeana mikono, abaki na fedha zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kwanza la kusoma ni la mauzo, kabla ya lile la hataza.