Mombasa isiyofika daftarini

Shule nyingi za bara zinapopanga safari ya masomo, jina la kwanza kutajwa huwa ni Mombasa. Safari hizo hufanana kama pacha. Wanafunzi huingizwa Fort Jesus, hupigwa picha chini ya zile pembe kubwa za Barabara ya Moi, huachiliwa saa mbili ufuoni wachezee maji ya chumvi, kisha hurejeshwa makwao. Wiki inayofuata mwalimu husahihisha insha arubaini zenye kichwa kimoja: Mombasa raha.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na Fort Jesus. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi ilipoanguka 1698, na kutiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011, yastahili kuonwa na kila Mkenya. Tatizo ni kuwa mwanafunzi hutoka pale akiamini kwamba historia ya mji huu ni ya wageni waliokuja kuupigania, nao wenyeji walikuwa watazamaji tu. Ilhali Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331, zaidi ya karne mbili na nusu kabla ya ngome, aliwakuta watu wenye misikiti yao, iliyojengwa kwa mbao na kwa ustadi. Aliandika pia jambo dogo ambalo wengi hulipita: kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani.

Hapo ndipo somo la Mombasa lingepaswa kuanzia. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno, hakitimizi kilomita za mraba 15, na tangu zama hizo kimekuwa kikiishi kwa watu na vitu vinavyovuka maji. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 1,208,333, na wengi wao hawalali kisiwani. Hulala Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi, na Likoni upande wa kusini. Kunapopambazuka, maelfu huelekea kisiwani kutafuta riziki. Atakaye kuujua mji huu na autazame pale watu wanapovukia.

Kaskazini mambo ni nafuu. Daraja la kuelea la Nyali, lililotumika tangu enzi za ukoloni, lilistaafishwa daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980, na Kisauni ikafurika watu na nyumba. Magharibi, tuta la Makupa liliunganisha kisiwa na bara kwa miongo mingi, lakini liliyazuia maji ya bahari yasipite baina ya hori la Tudor na lile la Port Reitz. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilikusudiwa kuyarudishia maji njia yake. (Mwalimu wa Jiografia anayetafuta mfano wa kupwa na kujaa, na wa mwanadamu kuikatiza bahari bila kuiuliza, asiende mbali.)

Kusini ndiko kwenye kilio. Baina ya Likoni na kisiwa hakuna daraja la kudumu hadi leo. Watu wanaokadiriwa kufika laki tatu kwa siku huvuka kwa feri, wamesimama bega kwa bega, mama mwenye kitoto mgongoni kando ya lori la saruji. Alfajiri ya uhai wa wengi ilizimika Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini. Tangu siku hiyo ahadi za daraja zimetolewa katika kila msimu wa kura. Ni haki tueleze kwamba jambo lenyewe si jepesi: mkondo huohuo ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na daraja lolote lazima liwe juu kiasi cha kupisha meli kubwa. Lile la waenda kwa miguu, lililofunguliwa Liwatoni mapema mwaka 2021 wakati wa janga la korona, lilikuwa la kuelea na la muda. Barabara ya Dongo Kundu, iliyoanza kupitisha magari hadi upande wa kusini mwaka 2024, imewafaa wenye magari. Kibarua wa Likoni asiye na nauli ya kuzunguka nayo bado anaitegemea feri.

Bandari yenyewe huandikwa katika vitabu vya shule kwa tarakimu. Ni kweli kwamba mwaka 2024 ilihudumia makasha zaidi ya milioni 2, na kwamba reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa mwaka 1896. Lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kuwa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wakiwemo makuli wa bandari na watu wa reli, waliweka zana chini na kuusimamisha mji? Walikutana kwenye uwanja wa Majengo uliopewa jina la Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni Baringo. Hakuna basi la shule linalosimama Majengo.

Na mambo hayo si ya kale tu. Baada ya reli mpya kuanza kazi mwaka 2017, serikali iliagiza makasha mengi yapelekwe Nairobi kwa garimoshi. Madereva, mafundi, mama wauza chai na wenye maghala wa Changamwe na Miritini wakakosa kazi, na watu wakaandamana barabarani. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022. Abiria naye hushushwa Miritini, bara, ilhali garimoshi la zamani lilimfikisha hadi kisiwani.

Kisha kuna maji ya kunywa. Mji uliozungukwa na bahari hauna chemchemi za kuutosha. Hunyweshwa na majirani. Maji hutoka Mzima katika mbuga ya Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na Baricho katika Mto Sabaki, na Marere na Tiwi katika Kwale. Watu wa Taita na Kwale hulalamika kwamba bomba hupita karibu na milango yao nao wana kiu. Mombasa nako mifereji hukauka siku nyingi, na hamali husukuma mkokoteni wa mitungi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Anayenunua kwa mtungi ni maskini, naye hulipa zaidi kwa kila lita kuliko tajiri mwenye mfereji. Hesabu hiyo ingefaa darasa la saba.

Walimu wa Kiswahili nao wana lao hapa. Ni katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe. Lugha ya Muyaka bin Haji ikawa lahaja. Mtoto wa Mji wa Kale aandikaye ndia badala ya njia, au mtanga badala ya mchanga, hupigiwa mstari mwekundu, pengine na mwalimu ambaye hajawahi kuambiwa ni kwa nini. Mstari na upigwe, maana mtihani ni mtihani, lakini sababu nayo ielezwe.

Shule itakayofika Mombasa muhula ujao inaweza kuingia Fort Jesus saa nne, baada ya jua kupanda. Kabla ya hapo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, iwe Likoni. Wanafunzi wahesabu watu wanaoshuka katika feri moja, waandike wanabeba nini, waulize wanakwenda kufanya kazi gani na watarudi saa ngapi. Mtembea kwa miguu hatozwi nauli, kwa hiyo darasa zima laweza kuvuka na kurudi bila kutoa hata senti moja.