Jerry Rice, Mdakaji wa Mpira

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno matatu ya leo: DAKA, YADI, NJIA. Yasomeni kwa sauti pamoja naye. Vizuri.

Kudaka ni kukamata kwa mikono kitu kilichorushwa, kabla hakijaanguka chini. Leo tutajifunza habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 20, akalipwa mshahara kwayo. Jina lake ni Jerry Rice, naye ni Mmarekani. Wako wachezaji wengi waliomshinda kwa mbio. Basi kwa nini aliwapita wote kwa kazi? Shikeni swali hilo mpaka mwisho wa somo.

MCHEZO WENYEWE

Wamarekani wana mpira wao, ambao si huu tuuchezao sisi kwa miguu. Mpira wao ni mrefu, umechongoka ncha mbili, na aghalabu huchukuliwa kwa mikono. Kila upande huwa na watu 11 kiwanjani. Kutoka mstari wa goli wa upande mmoja hadi wa upande wa pili ni yadi 100. Yadi moja ni futi 3, nayo ni pungufu kidogo ya mita moja.

Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nyingine 4. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa goli wa wapinzani, timu yake hupata pointi 6. Tendo hilo huitwa tachidauni.

Katika kila timu yuko mrushaji. Wako pia wachezaji wanaosimama pembeni mwa kiwanja, mbali na msongamano wa katikati. Hao ndio wadakaji. Mchezo ukianza, mdakaji hukimbia, mlinzi wa upande wa pili humwandama, na mrushaji humtupia mpira.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mdakaji hakimbii ovyo. Ana njia aliyopangiwa. Kwa mfano, aende mbele hatua kumi, kisha akate ghafula kushoto. Mara nyingi mrushaji hangoji kumwona amegeuka. Huurusha mpira mapema, mahali ambapo bado ni patupu, akiamini kwamba mwenzake atafika hapo kwa wakati wake. Mdakaji akikosea hatua moja tu, mpira utaanguka chini au utadakwa na wapinzani. Kwa hiyo mbio peke yake hazitoshi.

MTOTO WA MWASHI

Jerry Rice alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1962, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akakulia Crawford, mji mdogo wa shamba. Baba yake alikuwa mwashi. Shule ilipofungwa wakati wa joto, Jerry na ndugu zake walimsaidia kazi. Ndugu zake walimrushia matofali, naye aliyadaka, yakawa tayari kwa kujengea. Tofali halina huruma. Ukilidaka vibaya, vidole ndivyo viumiavyo.

Shuleni hakuanza kama mchezaji. Siku moja alikuwa mtoro, na mwalimu mkuu msaidizi akamfumania kwa nyuma. Kijana akashtuka, akatimua mbio. Alipopatikana aliadhibiwa, lakini mwalimu yule alikuwa ameona wepesi wa miguu yake, akamtia katika timu ya mpira.

Hakwenda katika vyuo vikubwa vyenye sifa ya mchezo huo. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo kilichofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya Wamarekani weusi, katika siku ambazo jimbo hilo liliwatenga weusi na weupe mashuleni. Hapo alimkuta mwalimu wa timu, Archie Cooley, aliyependa mpira urushwe kila mara, na mrushaji Willie Totten. Leo kiwanja cha chuo hicho kinaitwa kwa majina ya Rice na Totten.

MWAKA WA LAWAMA

Kila mwaka timu za kulipwa za Marekani huchagua kwa zamu vijana watokao vyuoni. Mwaka 1985 baadhi ya wachaguzi walisema kwamba Rice hana mbio za kutosha. Wadakaji wawili walichaguliwa kabla yake. Yeye alikuwa kijana wa 16 kuchaguliwa, akachukuliwa na timu ya San Francisco 49ers, ambayo mwalimu wake alikuwa Bill Walsh. Jina la timu hiyo ni ukumbusho wa watu waliokimbilia California mwaka 1849 kutafuta dhahabu.

Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Alidondosha mipira mingi, na watazamaji wa nyumbani wakamzomea. Alikuwa na njia nyingi mpya za kukumbuka, na akili iliyoshughulika na njia haikuutazama mpira sawasawa. Ninyi mnaojifunza kusoma mnalijua jambo hili. Akili ikihangaika na kila herufi, maana ya neno hupotea. Dawa yake ni kurudia mpaka herufi zijulikane bila kuwazwa.

Rice alirudia. Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule wa 1985, katika mchezo na timu ya Rams, alidaka mipira 10 na kupata yadi 241. Kuzomewa kukakoma. Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

KAZI ISIYOONEKANA

Wachezaji wenzake wamesimulia mazoezi yake. Akidaka mpira katika mazoezi, hata kama ni mpira mfupi wa yadi tano, hakusimama. Alikimbia nao mpaka mstari wa goli, kana kwamba ni siku ya mashindano. Katika miezi ya mapumziko alipanda mbio kilima kimoja karibu na San Carlos, California, njia ya maili mbili na nusu. Wachezaji waliokwenda kujaribu pamoja naye waliiona ni kazi ngumu mno.

Matunda yake yakaonekana. Mwaka 1987, katika michezo 12 tu, alidaka tachidauni 22. Hakuna aliyeipita hesabu hiyo katika mwaka mmoja mpaka 2007, Randy Moss alipopata 23 katika michezo 16. Shindano la mwisho la kumpata bingwa huitwa Super Bowl. Rice alilishinda mara tatu pamoja na 49ers: Januari 1989, Januari 1990 na Januari 1995. Katika lile la 1989, dhidi ya Cincinnati, alidaka mipira 11 kwa yadi 215, akachaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo.

GOTI

Mchezo huu huvunja watu. Tarehe 31 Agosti, 1997, kano za goti la Rice zilikatika. Alikuwa karibu kutimiza miaka 35, umri ambao wadakaji wengi wamekwisha acha kazi. Alirudi kiwanjani Desemba, akadaka tachidauni, na katika kuanguka kwake mfupa wa mbele ya goti lile lile ukapasuka. Safari hii ilimbidi angoje mpaka mwaka uliofuata. Mwaka 2001 alihamia timu ya Oakland, na mwaka 2002, mwaka aliotimiza miaka 40, alidaka mipira 92. Mwaka 2004 ulikuwa wa mwisho wake uwanjani, na mwaka 2010 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo.

HESABU YA LEO

Chukueni kalamu. Katika mashindano ya kawaida ya miaka 20, Rice alidaka mipira 1,549 na kupata yadi 22,895. Maili moja ni yadi 1,760. Je, ni maili ngapi? Gawanyeni polepole. Mtapata maili 13, na yadi 15 zitabaki. Maili hizo hazikupatikana kwa siku moja, bali kwa mpira mmoja mmoja, na mlinzi yuko mgongoni.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mrushaji hurusha mpira kabla mdakaji hajageuka?
2. Kazi ya uashi ilimfundisha nini Jerry Rice?
3. Rice aliwapitaje watu waliomshinda kwa mbio? Kila mtu ajibu kwa sentensi moja, aiandike katika daftari lake.

Asiyemaliza leo asione haya. Aendelee kesho mchana kabla ya darasa. Kwaherini.