Mjumbe kwa Mujibu wa Wadhifa: Je, Ana Kura?

Katika vyama vingi visivyo vya kutafuta faida, viwe vya wanafunzi, vya kijamii au vya kitaaluma, huwapo mjumbe wa kamati ambaye hakuchaguliwa kuingia humo. Huyu ni mjumbe kwa mujibu wa wadhifa: mweka hazina anayeketi katika kamati ya fedha, mathalani, au mhadhiri ambaye ni mlezi wa chama cha wanafunzi. Aghalabu hakuna anayeuliza lolote kumhusu hadi siku kura zinapogawanyika tano kwa nne, naye akiwa miongoni mwa wale watano.

Wengi hudhani kuwa mjumbe wa aina hii ni mshauri tu. Dhana hiyo haina mashiko. Istilahi ya Kilatini ex officio maana yake ni “kutokana na wadhifa”. Inaeleza mlango ambao mtu alipitia kuingia kamatini. Haisemi lolote kuhusu anachoruhusiwa kutenda akishaketi. Kanuni za mikutano za Henry M. Robert, zilizochapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1876 na zinazofuatwa na vyama vingi huko, zina msimamo uo huo: mjumbe huyu hutoa hoja, hujadili na hupiga kura, ila tu iwapo katiba ya chama imemnyima haki hizo.

Huenda dhana hii potofu, kwa upande wa Kenya, ilitokana na Bunge. Chini ya katiba ya zamani, kifungu cha 36 kilimfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mbunge kwa mujibu wa wadhifa, lakini kikamnyima kura. Katiba ya 2010 nayo inamtambua Spika vivyo hivyo katika kifungu cha 97, kisha kifungu cha 122 kinatamka kwamba hana kura; kura zikitoshana, hoja imeanguka. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Lau istilahi yenyewe ingekuwa na maana ya kutopiga kura, watunzi wa sheria wasingelazimika kuongeza kauli ya pili.

Suala la akidi ni gumu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni za Robert, mjumbe asiyekuwa chini ya mamlaka ya chama, kama vile mlezi aliyetoka nje, hahesabiwi katika akidi, kwa kuwa halazimiki kuhudhuria. Si haki kikao kikwame kwa sababu yake. Hata hivyo, akifika, kura yake ni kamili. Mweka hazina, ambaye ni mwanachama, huhesabiwa kama wengine.

Chama kisichotaka mlezi wake apige kura hakina budi kuandika hivyo waziwazi katika katiba yake: “mjumbe kwa mujibu wa wadhifa asiye na haki ya kupiga kura”. Ni maneno machache, na katiba nyingi za vyama vya wanafunzi hazinayo. Aidha, ujumbe huu hukoma wadhifa unapokoma. Mlezi aliyekabidhi ofisi Jumatatu hana kiti katika kikao cha Jumanne, hata kama jina lake lingali kwenye orodha ya katibu.