Tiba ya Mbali na Mgonjwa wa Dharura Kaskazini Mashariki

Tiba ya mbali ni utaratibu ambapo daktari bingwa humwona mgonjwa kwa kamera na kumsikia kwa vipaza sauti, ilhali mikono inayompima na kumtibu ni ya mhudumu aliye kando ya kitanda. Wazo lenyewe si geni. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, liliziunganisha hospitali za mashambani na Nairobi kwa redio, ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo, na ndege ikafuata pale ushauri ulipokuwa hautoshi.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, masafa yenyewe ni hatari. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Mandera ni mbali zaidi sana. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 liliua watu 148, na majeruhi mahututi walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Mafuriko ya Mto Tana ya mwishoni mwa 2023 nayo yaliikata barabara karibu na Madogo.

Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka ng'ambo ya mpaka. Tangu Desemba 2010, Madaktari Wasio na Mipaka waliwaunganisha matabibu wa hospitali ya Guri-El, Somalia, na bingwa wa watoto aliyekuwa Nairobi. Mwaka 2011, katika watoto 3,920 waliolazwa, 346 walijadiliwa kwa njia hiyo. Matibabu ya 222 yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na kwa 88 uligunduliwa ugonjwa wa kutishia uhai uliokuwa haujatambuliwa awali. La kutia moyo zaidi ni kwamba matabibu walijifunza: katika homa ya uti wa mgongo na degedege, haja ya kurekebisha uamuzi wao wa awali ilishuka kutoka asilimia 92 hadi 29. Shirika hilo liliondoka Somalia mwaka 2013.

Hata hivyo, kamera haitundiki damu wala haipasui. Bila umeme, oksijeni na muuguzi wa zamu, bingwa hubaki mtazamaji tu. Tena lugha: mama hueleza kwa Kisomali, muuguzi hufasiri kwa Kiswahili, daktari huandika kwa Kiingereza. Neno moja la maumivu likipotea njiani, hakuna mtambo utakaolirejesha. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya Kenya ya mwaka 2023 imeitambua tiba hii. Wakalimani wa wodini bado ni ndugu wa mgonjwa au yeyote aliye karibu.