Maonyesho ya maua London: Mwenye kiwanja kidogo achote nini?

KWA siku tano za mwezi Mei, uwanja wa makao ya askari wastaafu yaliyoko Chelsea, kando ya Mto Thames jijini London, hugeuka kuwa mji wa maua. Watu wapatao 150,000 hukata tiketi na kubanana katika eneo la ekari 11 tu, wengine wamevaa kana kwamba wanakwenda harusini, ili kutazama bustani ambazo wiki chache nyuma hazikuwapo na ambazo baada ya siku hizo tano hubomolewa.

Haya ndiyo Maonyesho ya Maua ya Chelsea, yanayoandaliwa na chama cha wakulima wa bustani cha Uingereza kinachojulikana kwa kifupi kama RHS, kilichoanzishwa mwaka 1804. Yamekuwa yakifanyika hapo tangu mwaka 1913. Yalisimama katika baadhi ya miaka ya vita kuu mbili za dunia, na tena mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa Uviko-19. Mwaka uliofuata yalisogezwa hadi Septemba.

Mkulima wa Lushoto au muuza miche wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu siku hizi picha za bustani hizo hazibaki London. Mwenye nyumba huziona kwenye simu yake, humwita fundi wa bustani, humnyooshea kidole picha moja na kusema anataka ya namna hiyo. Fedha hutolewa, miche hununuliwa, na baada ya miezi miwili nusu yake imekauka. Fundi hulaumiwa, muuza miche naye hulaumiwa, wakati kosa lilianzia kwenye picha.

Maua yaliyosukumwa

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana Chelsea kimesukumwa kichanue wiki hiyo hiyo. Yapo maua ambayo kwa kawaida yangekuwa yamekwisha kuchanua mwezi Machi au Aprili, lakini wenye vitalu huweka vitunguu vyake kwenye vyumba vya baridi ili yachelewe. Mengine yangesubiri hadi Julai, nayo huwekwa kwenye nyumba za vioo zenye joto ili yawahi. Ndiyo maana katika kipande kimoja cha ardhi mtu anaona yote yamefunguka kwa pamoja. Nyumbani hali hiyo haipatikani, hata kwa Waingereza wenyewe.

Tena miche hiyo hubananishwa kuliko inavyopaswa. Katika banda kuu, mingi bado imo ndani ya vyungu vyake, vimefukiwa au kufunikwa visionekane. Kwa siku tano haina madhara. Lakini ukibananisha hivyo shambani au uani, hasa katika joto na unyevunyevu wa Pwani, hewa haipiti kati ya majani na ukungu huingia. Na pale kibandiko cha mche kinaposema upandwe kwenye jua, jua linalosemwa ni la Uingereza. Mche huo huo ukiuweka Dodoma saa saba mchana, unaweza kuhitaji kivuli.

Gharama nayo ni ya kutisha. Bustani moja kubwa ya maonyesho inaweza kugharimu mamia ya maelfu ya pauni, ambazo hulipwa na benki, kampuni au mashirika ya hisani yanayotafuta jina. Hakuna haja ya mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 kujilinganisha nayo.

Swali la majaji

Hata hivyo, kuna mambo ya kuchota, na la kwanza halina gharama. Kila mbunifu anayejenga bustani kubwa Chelsea hutakiwa kuandika mapema bustani yake ni ya nani na ni ya kazi gani. Majaji wanapopita, huanza na karatasi hiyo: je, alichoahidi ndicho kilichojengwa? Kisha ndipo huangalia mpangilio, ujenzi na upandaji. Medali ni za daraja nne, yaani dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba, na hazigombewi kama mbio. Bustani tano zikifikia kiwango cha dhahabu, zote tano hupewa.

Uani kwetu karatasi hiyo ingeokoa mengi. Nani anautumia uwanja huu? Watoto wanacheza wapi? Nguo zinaanikwa wapi? Maji yanatoka bombani kila siku au mara mbili kwa wiki? Kuku wamefungiwa au wanazurura? Fundi anayeuliza maswali haya kabla ya kutaja bei anaweza kugundua kwamba mteja aliyetaka waridi 40 anachohitaji ni mti mmoja wa kivuli, ukoka kidogo na matuta mawili ya mboga karibu na jiko.

Ladha ya waandaaji, kwa upande mwingine, si ya kufuatwa kama sheria. Kwa miaka mingi walipiga marufuku vile visanamu vya vibete ambavyo Waingereza hupenda kuviweka bustanini, kwa madai kwamba si vya kistaarabu. Mwaka 2013, maonyesho yalipotimiza miaka 100 tangu yaanze Chelsea, wakaviruhusu kwa mara moja. Kwa hiyo anayetaka kupaka rangi matairi yake na kuyapandia maua asione haya.

Karoti ndani ya pipa

Si maua peke yake yanayopata dhahabu Chelsea. Mtaalamu wa mboga kutoka Wales, Medwyn Williams, amepata zaidi ya medali 10 za dhahabu hapo kwa kupanga karoti, vitunguu, nyanya na mboga nyingine kwa ustadi ambao watu huupangia foleni kuutazama.

Siri ya karoti ndefu za mashindano inafaa kujulikana na kila mkulima. Wakulima wa aina hiyo hujaza mchanga kwenye mapipa, kisha kwa mtaimbo hutoboa mashimo marefu yenye umbo la pia, mapana juu na membamba chini. Shimo hujazwa udongo laini uliochekechwa na kuchanganywa na mbolea kidogo, kisha mbegu chache hupandwa juu yake. Zikiota, hung'olewa zote isipokuwa mche mmoja ulio bora. Mzizi hauna jiwe la kukwepa wala bonge la kuzunguka, hivyo hushuka moja kwa moja.

Mkulima wa sokoni hahitaji karoti yenye urefu wa mita. Lakini anayelalamika kwamba karoti zake zinatoka na miguu miwili, na mnunuzi anazitupa pembeni, jibu lake limo humo. Udongo ulainishwe hadi sentimita 30 kwenda chini, mawe yaondolewe, na samadi mbichi isitiwe kwenye tuta la karoti kwa kuwa nayo huufanya mzizi ugawanyike. Samadi iwekwe kwenye zao linalotangulia, kwa mfano kabichi, na karoti zifuate. Sehemu zenye baridi kama Lushoto na Njombe zitafaidika zaidi, maana karoti haipendi joto kali.

Bustani iliyotoka Zimbabwe

Mwaka 2019 watazamaji wa Chelsea walikutana na udongo mwekundu. Mbunifu Jilayne Rickards alijenga bustani kwa niaba ya CAMFED, shirika linalosaidia elimu ya wasichana Afrika, ikiwamo Tanzania. Mfano wake ulitoka katika shule ya kijijini Zimbabwe. Palikuwa na mahindi, maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, viazi vitamu, na mboga zilizopandwa kwenye vyombo vilivyokwishatumika. Ilipata dhahabu, na wananchi wakaipigia kura kuwa wanayoipenda zaidi katika kundi lake. Baada ya maonyesho ilihamishiwa kituo cha mimea cha Eden Project, kusini magharibi mwa Uingereza.

Inafaa kulitafakari jambo hili. Watu waliolipa fedha nyingi kuona maua adimu walikwenda kuchagua shamba la mahindi na makopo, vitu ambavyo baadhi yetu tunaviondoa uani ili nyumba ionekane ya kisasa.

Ni vivyo hivyo kwa kupanda kwenda juu. Mwaka 2011 bustani ya kampuni ya B&Q ilijengewa mnara wa mita tisa uliopandwa mboga na viungo, nao ukazungumzwa sana. Lakini katika mtaa wa Kibera, Nairobi, magunia ya sukuma wiki yalikuwa yameshaenea tangu mwaka 2008, baada ya shirika la Kifaransa la Solidarités kuanza kuwasaidia wakazi kwa miche. Mnara wa maskini ni gunia.

Namna ya kulitengeneza ni hii. Tafuta gunia la kilo 100 na uliweke kabisa mahali litakapokaa, kwa sababu likijaa halibebeki. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Chukua kopo kubwa lililotolewa kitako, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo pembeni hadi usawa wa kopo, kisha livute kopo juu taratibu, kokoto zikibaki, na urudie hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo mfereji wa maji. Bila hiyo, maji huishia juu na mboga za chini hufa kwa kiu.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, na kila tundu upande mche wa mchicha, spinachi au sukuma wiki. Juu unaweza kuweka nyanya au pilipili hoho. Gunia hukauka haraka kuliko tuta, hivyo wakati wa jua huhitaji maji kila siku, na maji ya kuoshea mboga au mchele yanatosha kuanzia. Gunia la plastiki huchakaa kwa jua, kwa hiyo usitegemee kulitumia miaka mingi.

Maua yetu, mbegu zao

Kwa mfanyabiashara wa miche, liko jambo jingine katika habari hii ya maua ya Ulaya, nalo linauma kidogo. Baadhi ya maua yanayouzwa huko asili yake ni huku.

Yapo maua madogo ya kivulini, yenye rangi nyekundu, ya waridi na nyeupe, ambayo wataalamu huyaita Impatiens. Aina iliyosambaa zaidi duniani inatoka Afrika Mashariki. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Hooker, aliipa jina kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Ikawa miongoni mwa maua yanayouzwa kwa wingi kabisa katika bustani za Uingereza, hadi ugonjwa wa ukungu unaopukutisha majani ulipoishambulia, hasa mwaka 2011, na wauzaji wengi wakaacha kuiuza. Waliotegemea ua hilo moja walipata hasara. Makampuni ya mbegu yakaanza kutafuta aina zinazostahimili, na kampuni ya Syngenta ikatoa moja iliyoitwa Imara, neno la Kiswahili kabisa.

Mwenzake ni ua la Usambara. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu vidogo duniani kote, wakati lile la mwituni linazidi kupungua kadiri misitu inavyokatwa. Kwenda kulichimba msituni ni kulimaliza, na hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwani huzaliana kwa jani. Nunua chungu kimoja kwa mwenye kitalu. Kata jani zima pamoja na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi, kisha uchomeke kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya miezi miwili au zaidi vitoto huchomoza chini ya jani. Mama mwenye kibaraza na vikopo 50 anaweza kuanza biashara hiyo bila shamba.

Akiianza, aangalie jinsi wenzake wa Chelsea wanavyouza. Kila mche pale una kibandiko chenye jina, kiasi cha jua na kimo utakaofikia. Huku kwetu mnunuzi huuliza hayo yote kwa mdomo, muuzaji akiwa hayupo hujibiwa na kijana asiyejua, na mche unakwenda kufia mahali pasipofaa. Kipande cha boksi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha.

Wasioweza kufika London wana Nane Nane yao kila Agosti, iwe Nzuguni mjini Dodoma, Themi mjini Arusha au John Mwakangale mjini Mbeya. Vipando vya huko navyo vimetunzwa kwa ajili ya wiki hiyo, tena vinamwagiliwa katikati ya kiangazi. Anayekwenda na daftari amuulize aliyevipanda siku aliyopanda, maji aliyotumia kwa siku na mbolea aliyoweka. Na akinunua mche pale, asiupande siku hiyo hiyo. Auweke kivulini siku nne au tano na kuumwagilia taratibu, kisha aupande jioni.