Si Kila Kiboko ni cha Ufashisti

Mjadala wa siasa ukianza Kitui au Wote, hakosi mtu wa kuuliza: je, utawala wa Mwingereza Ukambani haukuwa ufashisti? Haukuwa, na kulilazimisha jina hilo ni kuficha kilichowaumiza watu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikamata na kupiga mnada ng'ombe wa Wakamba wa Wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, kwa hoja ya kuokoa udongo, huku kiwanda cha Liebig cha Athi River kikingojea nyama ya bei rahisi. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akaongoza maelfu hadi Nairobi kudai kuonana na Gavana. Alihamishiwa Lamu, lakini upunguzaji wa mifugo kwa lazima ukaachwa. Ufashisti uko wapi hapo? Walioandamana ni walioonewa. Serikali ilitaka wanyamaze, walipe kodi, warudi makwao. Mussolini, kiongozi wa kifashisti wa Italia, hakuridhika na ukimya. Alitaka umati uwanjani, watoto wavae sare, wanamgambo wa mashati meusi watawale mitaa, na taifa zima lishangilie kuzaliwa upya. Mkoloni hakuwahi kuhitaji shangwe ya Mkamba.

Nitaambiwa mwandishi mpinga ukoloni George Padmore aliandika mwaka 1936 kwamba makoloni ndiyo yaliyolea fikra za kifashisti, na mshairi Aimé Césaire akaongeza sauti mwaka 1950. Hoja yao ni nzito: kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, na kazi za shuruti vilitangulia mengi yaliyofanyika Ulaya. Lakini mbinu kutoka koloni hazilifanyi koloni kuwa ufashisti. Kenya ilikuwa na mfashisti wa kujitangaza, Lord Erroll, aliyejiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza cha Oswald Mosley mwaka 1934. Ng'ombe wa Ukambani, hata hivyo, walichukuliwa na maafisa wa dola ambayo raia wake walipiga kura huru kwao Uingereza. Askari Wakamba wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopigana na Waitalia Ethiopia mwaka 1941 ndio waliokutana na ufashisti wenyewe, katika nchi ambako Mussolini alikuwa ametumia gesi ya sumu.

Ukitaka kumpima mwanasiasa wa leo, uliza upesi: ana vijana wa kupiga wapinzani? Anahubiri taifa lililochafuliwa na adui wa ndani? Anaudharau uchaguzi uliompa kiti? Anataka ushangilie, si utii tu? Yasipokutana haya, sema udikteta, wizi au ukabila. Kila kosa lina jina lake: bunge la kaunti linalopitisha sheria bila kuwashirikisha wananchi limevunja Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya. Kwa hilo nenda mahakamani.